Nyumba Iliyojengwa Juu ya Ndugu Yangu

Harufu ya javeli, ile dawa kali ya kufulia nguo nyeupe, inawakumbusha wengine usafi. Mimi inanitia hasira. Hivi karibuni rafiki yangu alitualika kwenye sherehe ya ubatizo hapa Kindu, katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, lile ambalo huku kwetu tunaliita pisini. Watoto wangu walivua viatu kabla hata hatujasalimia watu. Mimi nilifika mlangoni, nikainusa ile dawa wanayoitia majini ili yabaki ya buluu, na miguu ikagoma. Nilisema nina homa. Nikakaa nje kwenye benchi la muuza vocha mpaka sherehe ikaisha. Rafiki yangu alinuna, na mume wangu akaniuliza kwa upole wa mtu aliyechoka, "Ni maji tu, Kabange. Yatakufanya nini?"

Ninyi wa rika langu mliokulia kule Kabambare, kando ya mto Luama, pengine mnaikumbuka nyumba ninayoisema. Ilikaa peke yake juu ya jabali, nyeupe, mahali mto unapobanwa na mawe na kupiga kelele mwaka mzima. Nasikia bado ipo na imeshabadilisha wenyewe. Sijarudi kuitazama na sina mpango huo. Mtu akiniambia kesho kwamba imeporomokea majini, nitapika wali.

Mimi ni pacha. Mwenzangu alitangulia kutoka, akaitwa Kyungu. Mimi nikafuata, nikaitwa Kabange, kwa kuwa majina hayo kwetu hayachaguliwi, huja na watoto wenyewe. Tangu siku ile mama yetu hakuitwa tena kwa jina lake. Akawa Mama Mapasa, mama wa mapacha, na hata wakubwa zake walimpisha njiani. Kyungu hakumaliza kunyonya. Homa ilimchukua, akazikwa kule kwenye jabali, katika ufa wenye udongo mbichi ambapo maji yanarukia, maana pacha kwetu halazwi kwenye udongo mkavu. Haya niliyajua baadaye. Utotoni hakuna aliyeniambia, kwa sababu haisemwi kamwe kwamba pacha amekufa. Hakuna kulia, hakuna kukaa matanga, na neno lenyewe halitamkwi, hasa mbele ya yule aliyebaki, asije akamfuata mwenzake.

Kwa hiyo mama aliendelea kuwa na watoto wawili. Akinishonea gauni, alikata na kaptula ya kitambaa kilekile akaikunja sandukuni. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya bati vilivyofanana, na ole wangu nikinywea kile cha pili. Samaki akipatikana, kipande chenye kichwa kilikuwa cha Kyungu, na mimi nilikipenda kichwa kuliko kitu chochote duniani. Kila mwezi ulipoandama, mama alifunika sahani kwa jani la mgomba na kuipeleka kwenye jabali. Mimi niliachwa njiani, pale penye kona, nikaambiwa nisisogee. Kesho yake asubuhi alikwenda kuichukua, na ilirudi tupu, imelambwa ikalambika. Leo najua kuna ndege, kuna kenge, na Luama ina samaki wasiochagua. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba nina kaka anayekaa mtoni na anakula vizuri.

Ndipo akaja Patron. Jina lake alikuwa nalo, lakini hatukulitumia, na sitampa heshima hiyo leo. Alinunua dhahabu kwa wachimbaji wa Lusangi, baba yangu akiwa mmoja wao, na alikuwa mtu wa mjini, wa mbali. Katika safari zake za biashara alikuwa amefika pwani, akaona majumba ya matajiri yamesimama juu ya miamba, bahari ikipiga chini yao. Likamkaa rohoni. Huku kwetu bahari hakuna, lakini alipoliona jabali letu, maji yanavyopasuka povu na jinsi lilivyojitenga na macho ya watu, akasema hapa ndipo bahari yake. Mwenye dhahabu anaogopa macho kuliko simba. Akamwona chefu wa kijiji, akampelekea pikipiki na mabati, na jabali likauzwa kama mtu anavyouza jogoo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja na wenyeji wakaanza kuugua. Sima, yaani saruji, ililetwa kwa pikipiki, mfuko kwa mfuko, katika ile barabara ambayo hata mbuzi anaipita kwa kufikiria. Vikaja vigae vya buluu, vikaja vioo vipana kama milango, ikaja jenereta iliyokohoa mchana kutwa. Ukuta ukapanda na kuwekwa vipande vya chupa juu. Kwenye geti wakaandika kwa rangi ya dhahabu: VILLA OCÉAN, yaani jumba la bahari. Akina mama waliokuwa wakiloweka mihogo yao katika maji yaliyotulia chini ya jabali walifukuzwa. Wakaenda kuloweka chini zaidi, kwenye matope, na mwaka ule ugali wetu wote ulinuka. Nani wa kulalamika? Wanaume walikuwa wakimuuzia dhahabu, na chefu alikuwa juu ya pikipiki.

Mwezi ulipoandama, mama akachukua sahani kama kawaida. Safari hii hakuniacha kwenye kona, kwa kuwa kona yenyewe ilikuwa imemezwa na ukuta. Tulisimama mbele ya geti. Santineli, mlinzi wa pale, alikuwa mtu wa hukuhuku kwetu, na alimjua mama vizuri.

"Mama Mapasa, njia imefungwa," alisema. "Patron amekataza."

"Sikuje kuteka maji. Niko napeleka chakula ya mutoto."

"Mutoto gani? Humu hamuna mutoto."

"Weye ni mutu ya hapa. Unajua."

Alitazama chini. "Najua, mama. Lakini miye niko ku kazi. Ukipita weye leo, kesho miye niko nje."

Mama hakubishana. Tulirudi na sahani imejaa, chakula kimepoa, mafuta ya mawese yameganda juu ya samaki. Alikwenda kukimwaga mtoni kule kwenye matope, uso umefungwa. Ikawa hivyo kila mwezi. Anakwenda getini, anaomba, anarudi na sahani nzito mkononi. Alianza kukonda. Usingizi ulimpotea, na mchana alikuwa akinishika paji la uso bila sababu, kupima kama nina homa. Aliogopa kwamba Kyungu akikosa fungu lake atanifuata mimi. Shangazi yangu Zaina, dada yake baba, alimwambia avumilie. Mama akamjibu kwamba kuvumilia kwa mwenye watoto wawili si sawa na kwa mwenye mmoja.

Mimi nilikuwa na hesabu zangu. Kyungu anakaa jabalini, hilo nililijua siku zote. Sasa jabalini kuna nyumba. Basi Kyungu yumo ndani ya nyumba. Zamani alikula chakula chetu akailamba sahani, sasa sahani inarudi imejaa. Kwa nini? Kwa sababu amepata chakula kizuri zaidi. Nani atakula samaki wa jana wakati ana jenereta? Hakuna aliyeweza kunipinga kwa kuwa hakuna niliyemwambia. Nilipochungulia kwenye upenyo wa geti nikapata ushahidi. Niliona maji ya buluu ambayo sikuwahi kuyaona popote, yamelala kimya kando ya mto unaonguruma, na ile harufu kali ikanipiga puani. Niliona mchanga mweupe umemwagwa kwa ajili ya kukaliwa tu. Na chini ya baraza niliona baiskeli ndogo, ile tunayoiita kinga, nyekundu, ya kimo changu hasa. Kama ilikuwa ya kimo changu, basi ilikuwa ya pacha wangu. Sikuhitaji kuambiwa na mtu.

Nilimchukia kwa chuki ambayo sijawahi kumpa mtu mwingine. Mama anakonda kwa ajili yake, mimi nimekula mikia ya samaki maisha yangu yote, naye anapanda baiskeli kwenye sima laini na hata kutoka kutusalimia hataki. Nikaanza kwenda pale kila alasiri, mama akiwa shambani. Niliokota mawe nikalipiga geti.

"Kyungu, toka," nilipaza sauti. "Mchoyo weye. Mama anakonda juu yako. Lete hata hiyo kinga tupande wote."

Santineli alitoka na fimbo kunifukuza, lakini nilipotaja jina nilimwona anasita. Fimbo ilibaki hewani. Alirudi ndani bila kunigusa, na mimi nikadhani amekwenda kumwita. Nilisubiri sana. Mtu aliyedharauliwa na wageni anaumia, lakini aliyedharauliwa na ndugu yake wa tumbo moja anaoza kwa ndani. Kesho yake nilirudi na mawe makubwa zaidi.

Siku moja Patron alikuja na wageni, wanaume wenye miwani ya jua na wanawake waliovaa nguo za kuogea. Mimi sikuwa na habari nao. Nilikuja na mawe yangu kama kawaida, nikapiga, nikaita. Muziki ukazimwa ndani. Nikaendelea kuita, nikamtukana Kyungu matusi yote niliyoyajua na mengine ya kubuni, mpaka santineli akaja mbio na kuniburura mbali. Baadaye tulisikia kwamba wageni waliuliza Kyungu ni nani, na santineli akashindwa kuficha. Akawaambia kwamba kwetu hilo ni jina la pacha, na kwamba pacha huyo alikuwa amelala mahali palepale walipokuwa wakiogelea.

Jioni ile ujumbe ukaja. Patron anamwita Mama Mapasa kesho asubuhi. Mama alifurahi. Sijawahi kusahau furaha ile na ndiyo inayonikera kuliko yote. Alidhani mtu yule, akishajua kilichomo chini ya maji yake, atakuwa na aibu kama watu wengine. Alinunua samaki mzima, mkubwa, akampika kwa mawese na pilipili bila kumkata, awe wa Kyungu peke yake, fidia ya miezi yote aliyokosa. Akajifunga kitenge kipya. Sahani akanipa mimi nibebe.

Patron alitoka getini amevaa joho jeupe la taulo na ndala. Hakutualika ndani. Hata salamu alitupa nusu.

"Mama, sikia," alisema kwa Kiswahili chake cha mjini. "Uyu mutoto wako anakuya kila siku kupiga mulango yangu mawe. Niko na bageni. Banauliza Kyungu ni nani. Nibaambie nini? Bengine bamekataa kuingia mu maji."

"Patron, unisamehe kwa ajili ya mutoto," mama alisema, na akapiga goti kidogo, jambo ambalo hakulifanya hata kwa padri. "Miye sina maneno mingi. Unipe tu ruhusa niingie mara moja mu mwezi, mwezi ikionekana. Niache sahani, nitoke. Sitagusa kitu."

"Sahani ya nani?"

"Ya mutoto wangu."

Patron alicheka kwa pua. Alikuwa amechoka, ameaibishwa mbele ya wageni, na alitaka jambo liishe. "Mama, mutoto wako alikufa. Alikufa zamani, iliisha. Mufu hana parseli, hana kiwanja. Iyi parseli ni yangu, niko na makaratasi yake."

Mama alinirukia akaniziba masikio kwa viganja vyote viwili. Neno lilikuwa limeshaingia. Alinishika vile kwa muda, kichwa changu kimebanwa kama tikiti, na nilisikia damu yangu ikivuma. Mimi sikumwamini Patron hata kidogo. Nilijua anasema uongo ili tusimchukue Kyungu. Niliishika sahani yangu na kumtazama tu yule mwizi wa ndugu za watu.

"Ni weye umesema," mama alimwambia polepole. "Si miye. Ni weye."

Kisha akafungua kilemba chake, akakaa chini mavumbini, na kulia. Hakuwa amelia tangu Kyungu alipozikwa, kwa kuwa alikatazwa, na kilio kile kilikuwa kimekaa ndani miaka yote kikikomaa. Kilitoka kikapita mto. Akina mama waliokuwa kwenye mihogo wakakisikia wakaja mbio, mikono ikitiririka maji, wakidhani ni mimi niliyekufa. Shangazi Zaina alifika wa kwanza. Aliniona nimesimama, akamtazama mama, akaelewa.

"Nani ametamka?" aliuliza.

Mama akainua kidevu kuelekea kwa yule mwenye joho.

"Basi kilio ni ya hapa," shangazi alisema, wala hakupandisha sauti. "Mwenye kusema kifo ya mapasa, kilio inakaa kwake. Leteni mikeka."

Hiyo ndiyo desturi ambayo Patron, pamoja na safari zake zote, hakuijua. Neno lile kwetu halitamkwi kwa sababu nzuri. Anayelitamka ameufungua msiba, na msiba ukishafunguliwa hauwezi kurudishwa. Unakaa mlangoni kwake, naye ndiye mwenye matanga. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huyu kamba alijifunga mwenyewe. Mikeka ikaja. Zikaja sufuria, kuni, ngoma. Wanawake wa kijiji kizima walikaa mbele ya lile geti la dhahabu, Wakristo kwa Waislamu, na wakalia kwa ajili ya mtoto ambaye hakuna aliyeruhusiwa kumlilia. Walilia pia kwa ajili ya maji yao yaliyotulia, nadhani, na ugali ulionuka.

"Batoshe hapa," Patron alimwamuru santineli awaondoe.

Santineli alivua kofia yake ya kazi. "Kilio hawafukuzake, Patron," alisema, akaenda kukaa upande wa wanaume.

Wageni wenye miwani wakapanda pikipiki wakaondoka, wanawake wakiwa wamebeba viatu mkononi. Chefu naye akaitwa, akaja juu ya ile pikipiki aliyopewa, akasimama mbali kidogo. Patron alimfokea kwamba alilipa, kwamba mahali hapa ni pake. Chefu hakuwa mtu mwema, lakini siku ile alisema neno moja nililompendea.

"Patron, miye nilikuuzia jiwe. Kilio sikukuuzia."

Akashuka, akaomba mkeka.

Mwishowe geti lilifunguliwa. Sijui kama Patron alifungua kwa hofu au kwa kudhani kwamba wakiingia watamaliza upesi. Wanawake waliingia bila haraka, kama watu wanaoingia kwao. Walipanga mawe ya meko juu ya vigae vyake, wakawasha moto, majivu yakaruka juu ya mchanga mweupe. Yeye alisimama nyuma ya kioo, ndani, akiwa na simu sikioni na mtandao hakuna.

Mama alikwenda moja kwa moja mpaka ukingoni mwa yale maji ya buluu. Alitafuta ufa wake kwa macho, ule ufa wenye udongo mbichi. Hapakuwa na ufa. Palikuwa na vigae tu.

"Walipochimba hapa," alimuuliza santineli, "udongo walipeleka wapi?"

Mwanamume yule alijaribu kutazama pengine akashindwa. "Waliumwaga mu mto, mama. Wote."

Mama alitazama upande wa mto, pale maji yanapopiga mawe na kukimbia. Aliutazama mpaka shangazi akamshika bega. Halafu aligeuka, akanivuta mkono, akaniketisha juu ya vigae, miguu yangu ikaning'inia karibu na maji. Alilitoa jani la mgomba juu ya sahani.

"Kula," akaniambia.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Ni ya Kyungu."

"Najua. Kula."

Nilianza na kichwa. Nilikula taratibu, nikifyonza mifupa kwa kelele makusudi ili nisikike mpaka vyumbani. Macho yangu yalikuwa kwenye milango ya vioo na kwenye ile baiskeli nyekundu chini ya baraza. Nilijua hakuna mtu atakayekaa ndani akatazama samaki wake analiwa na dada yake. Atatoka. Atanisukuma, tutapigana, nami nitamuuma, kisha nitamrudisha nyumbani kwa mama. Nikala shingo, nikala tumbo, nikala mkia. Mama alikuwa amepiga magoti kando yangu, akiniangalia mdomo kila nilipomeza. Nilimla samaki yule mzima, mpaka mapezi, na hakuna aliyetoka kunizuia.